Jina Nililolichoma Mkononi Mwako

Chebet, mwanangu,

Ninakuandikia hapa kwenye kituo cha majani ya chai, nimeketi juu ya gunia karibu na mizani. Lori la kiwanda limekwama matopeni huko chini, na karani ametuambia tusiondoke, kwa hiyo tuko watu kama kumi na wawili tunangoja na majani yetu. Wenzangu wanazungumza habari za mvua. Mimi nimemwomba karani karatasi, akanichania kurasa za katikati ya daftari lake. Nyumbani nisingeweza kuandika. Uko pale unapanga nguo zako kwenye begi, na kila nikipita mlangoni unanyamaza, nami ninanyamaza, na nyumba yetu ni ndogo sana kwa watu wawili wanaonyamaziana.

Kesho asubuhi unaondoka kwenda Londiani kwa mama yako mdogo Leah. Umeniambia kwa heshima kwamba hutaki nikusindikize hadi stendi, nami nimekubali. Sitakuandikia habari za baridi ya Londiani, wala za viatu vya kuvaa kwenye kitalu cha miche utakakofanya kazi, maana Leah atakuambia hayo yote na kuzidisha. Sitakuandikia habari za kanisa. Nataka kukuandikia habari za mkono wako wa kushoto. Umetoka hospitalini ni zaidi ya mwaka sasa, na hatujauzungumzia mkono huo hata siku moja. Watu wakiuliza, unasema uliungua. Hujamwambia mtu ni nani aliyekuunguza. Umenisitiri, Chebet, na mimi nimekaa kimya nikakuacha unisitiri.

Lakini lazima nianze na mama yako, kwa sababu bila yeye hakuna habari hii.

Unakumbuka alivyokuwa akiandika jina lake kwenye kila kitu. Vikapu vilikuwa vikibadilishana hapa kituoni, mtu anaondoka na kikapu cha mwenzake, ndipo akanunua chupa ya rangi nyekundu ya kucha, yeye ambaye sikuwahi kumwona amepaka kucha zake. Akaandika RAEL kwenye kikapu. Kisha kwenye mtungi wa maji, kwenye mpini wa jembe, kwenye kiti cha plastiki alichokuwa akienda nacho kwenye mikutano ya akina mama. R yake ilikuwa na mguu mrefu uliotoka mbele kana kwamba inataka kutembea, na E yake mstari wa katikati ulikuwa mrefu kuliko ile mingine. Nilimtania, nikamwambia siku moja ataniandika na mimi kisogoni. Akasema hana haja, mimi hakuna atakayeniiba.

Alipoanza kukwamwa na chakula kooni, nilisema ni vidonda vya tumbo. Sikuwa na sababu ya kusema hivyo isipokuwa kwamba vidonda vya tumbo nilivijua, na dawa yake niliijua inauzwa duka gani. Nikamnunulia ya maji, nikamnunulia ya vidonge. Ikawa hali ugali, anakula uji. Nikanunua nyingine. Wewe ulikuwa shule ya bweni, ulikuwa unakuja likizo unamkuta amepungua, unaniuliza, nakuambia anaendelea na dawa. Tulipofika hospitalini hatimaye, daktari aliuliza tatizo lilianza lini. Mimi ndiye niliyejibu. Nilisema mwezi uliopita. Ilikuwa imepita miezi minane. Mama yako alinitazama, akageuza uso akaangalia ukutani. Ilikuwa saratani ya koo, na ilikuwa imekwenda mbali.

Hilo la mwezi mmoja hujawahi kulisikia. Nilikuwa nimeapa nitakufa nalo.

Baada ya mazishi nilivigawa vitu vyake haraka. Kikapu nilimpa mama wa jirani, mtungi na jembe nikawapa wengine. Uliporudi likizo uliuliza kitu kimoja tu, kikapu kiko wapi. Nilikuambia vitu vya marehemu havikai nyumbani. Si kweli, hakuna mila wala kanisa lililonituma. Ni kwamba sikuweza kupita jikoni nikasoma jina lile. Kila nilipolisoma nilimwona akigeuza uso kuelekea ukutani. Ulinisikiliza, ukatoka. Nilikuja kujua baadaye kwamba ulienda moja kwa moja kwa jirani, ukamwomba akutolee kikapu nje kwenye mwanga, ukakipiga picha kwa simu yake, ukaandika namba ya rafiki yako wa Nakuru ili jirani akutumie picha huko.

Ulipomaliza kidato cha nne ulienda kwa huyo rafiki wiki moja. Ukarudi umevaa sweta la mikono mirefu, na hapa kwetu sweta si jambo la kushangaza. Nilikuja kuona wiki ya tatu, jioni, ulipokunja mikono uoshe ndoo ya maziwa. Nilikuwa nimemshika ng'ombe kamba. Ndani ya mkono wako, juu kidogo ya kiganja, palikuwa na tatuu: RAEL. Haikuwa RAEL ya herufi za kuchapwa. Ilikuwa ile R yenye mguu mrefu, na ile E.

Nilikuambia umejichafua. Nikakutolea mstari wa Biblia kuhusu kujichanja alama mwilini, nao niliujua kwa moyo kwa sababu mimi ni mzee wa kanisa na niliwahi kuwasomea vijana. Ulisikiliza mpaka mwisho. Kisha ukasema, bila kuinua sauti, "Baba, huu si uchafu. Ni mama."

Nikamwongoza ng'ombe zizini, nikakaa huko muda mrefu kuliko kazi iliyokuwepo.

Tuliishi hivyo miezi mingi. Wewe ndiye uliyekuwa ukinipa chai. Mkono wako ulipokuja mbele yangu na kikombe, nilikuwa natazama dirishani. Labda ulidhani ni hasira. Mwanangu, haikuwa hasira. Nilikuwa nimekiondoa kile kikapu, mtungi na jembe, nikadhani nimemaliza, na sasa mwanamke niliyemdanganya daktari mbele yake alikuwa ananiletea chai kila asubuhi kwa mkono wa binti yangu. Nilitaka hilo jina litoke. Sikujua nitalitoaje, wala nitakuambia nini.

Kisha ikaja habari ya jeshi.

Ulikuwa unakimbia tangu shuleni. Kila alfajiri ulikuwa unashika ile barabara ya kiwanda cha Mogogosiek, unarudi umelowa umande hadi magotini, na watu waliniambia msichana wako ana mbio. Redio ilipotangaza kwamba watachukua makuruta, tulikuwa tunakula. Wakasoma masharti: umri, alama za mtihani, urefu, na kwamba mwenye tatuu asijisumbue kwenda. Uliweka kijiko chini. Ulikuwa umelitaka jeshi tangu ukiwa mdogo, na nadhani ilikuwa mara ya kwanza kufikiri kwamba mkono wako ungekufungia mlango.

Mimi nilifurahi. Sijui niandike vipi jambo hili lisomeke vizuri, kwa hiyo naliandika lilivyo. Wewe ulipoweka kijiko chini, baba yako alifurahi moyoni. Nilikuwa nimepata sababu.

Tulienda Kericho kumwona yule daktari wa ngozi, yule dada kijana mwenye miwani. Unakumbuka alivyotueleza taratibu, akichora kwenye karatasi. Alisema wino wa tatuu haukai juu ya ngozi bali chini yake, ndiyo maana krimu zinazouzwa mitaani haziufikii, hata upake mwaka mzima. Njia iliyo salama zaidi ni mwanga wa leza, unaovunja wino vipande vidogo sana, kisha mwili wenyewe unaviondoa polepole. Lakini haiwi mara moja. Unaenda, unangoja wiki kadhaa ngozi ipone, unaenda tena, pengine mara sita, pengine mara kumi, na ngozi nyeusi inahitaji mtu anayejua kazi yake, la sivyo inabaki na mabaka meupe. Njia ya pili ni kukata kile kipande cha ngozi na kushona. Inafaa tatuu ndogo, na inaacha kovu la mstari. Njia nyingine ni kuchora kitu kikubwa juu yake, lakini hilo kwa jeshi halisaidii. Alisema kuna watu wanaosugua kwa chumvi, wengine wanapaka asidi, na kwamba hao ndio wanaomletea kazi iliyo ngumu kuliko zote.

Halafu akakutazama wewe, hakunitazama mimi, akasema, "Na kuna njia ya kuiacha ilivyo. Hiyo pia ni njia." Akakuuliza ni jina la nani. Ulipomwambia, aliweka kalamu chini.

Akatuandikia barua ya kwenda Nakuru kwa leza. Tulipokuwa tukirudi nyumbani, tulipopita Sosiot, ukaniambia umeamua. Utangoja. Hutaenda mwaka huu. Utafikiri kwanza kama unataka kuitoa au la, na ukiitoa utaitoa kwa njia ya daktari, hata ikichukua miaka miwili, jeshi litakuwepo. Ulikuwa na miaka kumi na tisa, na katika gari lile wewe ndiye uliyekuwa mtu mzima. Kama ningekuwa nimekaa kimya siku hiyo, leo mkono wako ungekuwa mzima.

Sikukaa kimya. Nilikuwa nimeshawaambia wazee wa kanisa kwamba unaenda, na walikuwa wamekuombea mbele ya watu. Tena kuna jambo la zamani: mimi mwenyewe niliwahi kwenda kwenye uwanja wa makuruta nikiwa kijana, nikarudishwa kwa sababu ya kidole changu hiki kilichopinda, na sikuwahi kulimeza. Kwa hiyo nilikusukuma wiki mbili nzima. Nilikuambia nafasi hairudi. Nilikuambia wenzako wameshajiandaa. Uliendelea kusema utangoja. Mwishowe, tukiwa tunachuma chai ule mstari wa juu, nilikuambia maneno ambayo ningelipa kwa chochote yarudi kinywani. Nilisema, "Mama yako angependa uende."

Uliacha kuchuma. Ukasimama tu pale na majani mkononi. Kisha ukasema sawa, baba.

Sijui angependa nini mama yako. Sikujua wakati ule na sijui sasa. Nilimtumia kwa sababu nilijua kwake huna kinga. Katika yote niliyofanya, hata kuliko dawa niliyokupaka, hili ndilo ninaloliona kila nikifumba macho.

Dawa ya kuzuia pembe nilikuwa nayo. Unajua tunavyofanya na ndama: tunanyoa manyoya pale pembe inapochomoza, tunapaka mafuta kuzunguka ili dawa isisambae, tunapaka dawa yenyewe, na pembe haioti tena. Nimefanya hivyo miaka yote na sijapoteza ndama hata mmoja. Nilijiambia, kama inaua pembe, wino ni nini. Unaona ilivyo, Chebet. Ni kama ile miezi minane ya mama yako. Ni yule yule mtu anayekimbilia dukani kwa sababu anaogopa atakachoambiwa na anayejua.

Ilikuwa Jumamosi mchana. Ulikaa kwenye kile kigogo nyuma ya zizi, ukaweka mkono juu ya paja langu. Nilipaka mafuta kuzunguka jina, taratibu, kwa makini, kama kwa ndama. Ukaniuliza, "Baba, unajua unachofanya?"

Nikasema, "Najua."

Sikujua, na sikuwa na mtu wa kunidanganya ila mimi. Nilipaka herufi moja moja, nikianza na R. Mwanzo ulisema hakuna kitu, inawasha tu. Baada ya dakika chache uliuma mdomo. Ukasema, "Baba, inaingia ndani." Nami nikakuambia vumilia, ndiyo inafanya kazi. Uliponiambia mara ya pili sauti yako ilikuwa imebadilika, ndipo nikaleta maji, kibuyu kimoja, kisha kingine, nikafunga kitambaa. Daktari aliniambia baadaye kwamba dawa ile haikatwi na vibuyu viwili. Ilitakiwa maji yanayotiririka muda mrefu sana, na hospitali siku ile ile. Hukulia. Ningependa ungelia. Ndama hulia.

Tulingoja siku tatu. Mimi ndiye niliyengoja, wewe ulikuwa na homa. Mkono ulivimba hadi kiwiko na harufu ikatoka kwenye kitambaa, ndipo nikaita gari.

Pale hospitalini, muuguzi aliuliza ulichomwa na nini. Kabla sijafungua mdomo ulisema, "Maji moto. Nilijimwagia." Ulilala pale ukiwa na homa, na kitu cha kwanza ulichofanya ni kunikinga. Mimi nikasimama na kofia mkononi. Nilimdanganya daktari mbele ya mama yako naye akanyamaza. Wewe ukamdanganya muuguzi mbele yangu, nami nikanyamaza. Sijui ulijifunza wapi jambo hilo, lakini naogopa kwamba ulilijifunza kwangu.

Kuna kitu hukijui. Asubuhi iliyofuata nilimfuata daktari koridoni nikamwambia ukweli, dawa gani na kwa nini. Alikuwa na faili mkononi, akalifunga. Hakunigombeza. Aliniuliza kama nina mtoto mwingine. Nikasema hapana. Akasema nirudi wodini nikae nawe. Nilirudi nikakaa, na sikukuambia kwamba nimesema. Nilikuacha uendelee na uongo wako wa maji moto mbele ya watu waliokuwa wakijua, nawe ukidhani unaniokoa. Nisamehe kwa hilo pia.

Walikata nyama iliyokufa. Walichukua ngozi ya paja lako wakaitia mkononi. Siku ya makuruta ilikukuta kitandani. Mama wa kitanda cha pili alipigiwa simu kwamba mtoto wake amechukuliwa jeshini, akashangilia, akaomba wote tumshukuru Mungu pamoja naye. Uliinuka ukaketi, ukampa mkono wako wa kulia, ukampongeza. Nilitoka nje nikaenda kusimama kando ya matangi ya maji. Nilikuwa mwanamume wa miaka hamsini na nane na sikujua mahali pa kujiweka.

Siku walipofungua bandeji mara ya mwisho nilikuwepo. Ulitafuta jina. Niliona macho yako yakilitafuta, kutoka upande mmoja wa kovu hadi mwingine, kwanza haraka, halafu polepole. Hapakuwa na kitu. Ukavuta shuka ukafunika mkono, ukamwuliza muuguzi chakula kinakuja saa ngapi.

Mwanangu, mimi ndiye niliyetaka jina litoke. Lilitoka. Na tangu siku ile hujaniletea chai kwa mkono huo.

Tulirudi nyumbani na tukaishi. Unajua mwaka huu ulivyokuwa. Kovu likanyanyuka na kuwa gumu, likavuta kiganja, ukawa huwezi kuchuma kwa mikono miwili. Uliacha kukimbia, sikukuuliza kwa nini. Watu wakakuhurumia kwa maji moto. Kanisani waliniita baba mvumilivu, aliyempoteza mke na kumuuguza binti, na mimi nikasimama mbele nikasoma matangazo. Mwezi uliopita nilijiuzulu uzee wa kanisa. Nilikuambia ni uchovu. Niliwaeleza wazee sababu, wote watatu, tukiwa tumefunga mlango. Mmoja alilia. Nilikuwa nimetaka wanikasirikie, ingekuwa nafuu.

Baada ya hapo nilienda Kericho kwa yule daktari mwenye miwani, peke yangu. Alinikumbuka. Kitu cha kwanza aliuliza, "Msichana yuko wapi?" Nilimweleza kila kitu bila kupunguza. Alivua miwani akaifuta muda mrefu. Kisha akanieleza kuhusu kovu: kwamba kuna sindano za kulilainisha, kuna bandeji maalumu za kulikandamiza miezi kadhaa, na kwamba pale linapovuta kiganja yupo mpasuaji anayeweza kulilegeza ili mkono ufunguke tena, ingawa hakuahidi kwamba litapotea. Niliuliza kama jina linaweza kuandikwa tena. Akasema juu ya kovu wino hauchukui vizuri, lakini mkono wa pili ni mzima. Nilipoinuka aliniambia, "Safari hii mzee, mwache yeye aamue."

Karatasi yake nimeikunja ndani ya hii. Sikusukumi. Unaweza kwenda kwa mpasuaji, unaweza usiende. Unaweza kuiweka ile karatasi chini ya godoro kwa Leah miaka kumi. Na kama siku moja utataka kumwandika mama yako tena, mwandike unapotaka, kwa ukubwa unaotaka. Sitakutolea mstari. Ukitaka mtu wa kukaa nawe wakati wanachora, nitakuja nikae. Usipotaka, nitajua kwa nini.

Hapo zamani ningekuandikia mafunzo. Sina mengi. Nimejifunza kwamba mtu anapokuharakisha juu ya mwili wako, hata akiwa baba yako, hata akikutajia marehemu, kuna kitu chake mwenyewe anachokikimbia. Mwulize ni nini kabla hujatoa mkono. Na uliponiuliza kama najua ninachofanya, ulikuwa umeuliza swali sahihi. Kosa halikuwa kwako uliyeuliza na kuamini jibu. Mtoto anapaswa kumwamini baba yake. Tafadhali usije ukajilaumu kwa kuniamini, na usiache kuwaamini watu wengine kwa sababu yangu. Hilo likitokea nitakuwa nimekuunguza mahali ambapo hakuna daktari.

Ninakuomba jambo moja. Huko Londiani watakuuliza mkono ulipatwa na nini. Waambie ukweli. Anza na Leah. Mama yako alikuwa dada yake, ana haki ya kujua. Sema ni baba. Sema alipaka dawa ya pembe kwa sababu hakuweza kulitazama jina la mke wake. Usinibebee tena. Umenibeba vya kutosha, na ulianza ukiwa na homa.

Siombi unisamehe katika barua, kwa sababu barua haiwezi kujibiwa usoni, na sitaki upande gari na deni la kunijibu. Nilitaka tu ujue kwamba ninajua. Ninajua kilichokuwa pale. Ninaijua ile R na ile E, na ninajua nilianza na herufi ipi.

Barua hii nitaiweka kwenye mfuko wa pembeni wa begi lako, ule wenye zipu. Londiani si mbali, najua. Najua pia kwamba utakaa huko kana kwamba ni mbali, na kwamba Krismasi hutakuja. Leah ataniambia umefika. Ukitaka kupiga simu, piga saa yoyote. Usipotaka, nitakuwa nauliza habari zako kwake, si kila siku, nisije nikamchosha.

Kesho asubuhi nitatoka mapema. Nitachuma upande wa bondeni, kule ambako barabara haionekani, ili upite bila kuhisi kwamba ninakutazama.

Baba yako